Vifuniko Vilivyong'olewa Mlangoni kwa Mama

Kosa la watu wengi wanaofumua nyumba ya zamani ni kuanza na ukuta. Huingia na futi kamba, hugongagonga plasta kwa kifundo cha kidole, husema "hapa patoke, pale papanuliwe," na kabla chai haijapoa fundi ameshapiga nyundo ya kwanza. Swali lililopaswa kutangulia haliulizwi: nani anaishi humu, na siku yake huipitisha vipi, kutoka kitandani mpaka bafuni, kutoka bafuni mpaka jikoni? Nimelisema hili katika ukurasa huu mpaka nimechoka kujisikia, na barua bado zinakuja. Hii ya leo ilinifikia Jumatatu. Nimeirusha foleni mbele ya wengine, naomba wanisamehe, kwa sababu Jumamosi hii fundi anarudi. Nimeondoa aya mbili zinazohusu mapazia tu. Mengine ni maneno ya mwandishi mwenyewe.

*

Mshauri wangu mpendwa, shikamoo, naomba msaada wako na naomba usinihukumu kabla hujafika mwisho, maana sijui kama nilie au nigombe, na mtu ninayetaka kugombana naye ni mama yangu mzazi, ndani ya nyumba yake mwenyewe, ambayo nimeihangaikia mpaka mgongo unaniuma na sasa anaikataa kama mtoto anavyokataa dawa.

Mimi ni kitindamimba katika watoto wanne, na tangu baba afariki ndiye ninayeishi na mama. Kazi yangu ni kushona mapazia, kwa hiyo kila siku naingia nyumba za watu na kuona zilivyo, sebule pana, kuta nyeupe, mwanga unafika mpaka uvunguni mwa kochi, halafu jioni narudi kwetu, nyumba iliyojengwa kabla sijazaliwa, vyumba kama masanduku, sakafu ya saruji nyekundu, milango ya kijani iliyokoza, kuta zimepakwa kahawia mpaka kiunoni na krimu kwa juu kama zahanati, na korido ndefu kutoka chumbani kwa mama mpaka jikoni, na kwenye ukuta wa hiyo korido kuna mstari mweusi wa uchafu wa mikono, kwa sababu mama akitembea huburuza mkono ukutani, nimeusugua kwa sabuni, nimeupaka rangi mara mbili, ikipita miezi kadhaa unarudi, na mgeni akiingia naona aibu mimi.

Tena ingekuwa mstari tu ningenyamaza, lakini kwenye fremu za milango, usawa wa kifua, mama alipigilia vifuniko vya chupa za soda, kimoja mlango wa chumbani kwake, viwili bafuni, vitatu jikoni, vimeota kutu. Nikamuuliza, "Mama, hivi ni vya nini?" Akasema, "Urembo wangu." Sasa mshauri, mtu anayeshona mapazia ya watu wenye nyumba zao aelewe vipi urembo wa namna hiyo?

Mwezi uliopita mama alikwenda kukaa kwa mdogo wake wiki tatu. Siku ya kuondoka alinishika kiganja akaniambia, "Kitinda, nyumba yangu usiiguse." Nikamjibu, "Sawa, mama." Hapo namba ya fundi ilikuwa ndani ya simu yangu, vigae vilishachaguliwa, na kaka mkubwa tulishapatana naye. Nakiri nilidanganya, lakini nilidanganya kwa wema, nilitaka siku akirudi afungue mlango aone jambo ambalo hajawahi kuliona maishani mwake.

Fundi alifanya kazi, siwezi kumsema vibaya. Ukuta kati ya jikoni na sebule tukautoa wote pamoja na mlango wake, kabati za zamani tukazing'oa tukaweka mpya upande wa dirishani, sakafu yote vigae vyeupe vinavyong'aa unaweza kuchania nywele humo, kuta nyeupe, milango myeupe, hata swichi zile nyeusi za zamani nilibadilisha nikaweka nyeupe. Vile vifuniko fundi alivitoa kwa koleo huku anacheka, akaniuliza, "Dada, mama alikuwa na baa humu ndani?" na mimi nikacheka, nikavitupia kwenye kopo la rangi lililokwisha.

Mama alirudi na mdogo wake, amemshika mkono kama wasichana wa shule. Mama mdogo akachungulia, akasema, "Mmefanya nini, nyie watoto?" nami nikajua ni wivu, kwake bado ni sakafu ya saruji. Mama akaweka mguu mmoja kwenye vigae akaurudisha, kama mtu anayepima maji ya mto. Akashika ukuta mpaka mlango wa chumbani kwake, akapapasa fremu, juu, chini, tena juu. Nilikuwa nasubiri neno hata moja la ahsante, na neno la kwanza lililomtoka ni, "Vifuniko vyangu viko wapi?"

Nikamwambia, "Mama, sebule hata hujaitazama."

Akasema, "Nimekuuliza vifuniko."

Tangu siku hiyo, wiki ya pili sasa, hatoki chumbani isipokuwa kwa lazima. Mwanamke aliyekuwa akipika tangu alfajiri leo anasubiri nimpelekee chakula. Siku moja alijikokota mpaka jikoni, akamimina chai pembeni ya kikombe cheupe, ikasambaa kwenye kaunta yangu nyeupe, na mimi nimesimama namtazama, nikajua ni makusudi. Juzi kavaa gauni nje ndani, nimemwambia akasema ndivyo anavyotaka. Na dharau, mshauri, dharau ndiyo inayoniua, maana jana nimerudi kazini na gauni langu jeupe, nimesimama sebuleni hatua mbili mbele yake, ananiuliza, "Nani hapo?" Nikamjibu, "Mzimu, mama." Akaguna, akarudi chumbani akafunga mlango.

Kilichobaki ni ukuta wa korido. Ukitoka huo, nyumba inakuwa moja, pana, kama zile ninazoziona. Fundi alikuja Jumamosi iliyopita asubuhi akamkuta mama amebeba kiti chake, amekiegemeza kwenye huo ukuta, ameketi, mkono mmoja nyuma yake umegusa plasta. Fundi akamwamkia vizuri, akamwambia, "Mama, tupishe kidogo tu, vumbi litakuumiza." Mama akasema, "Uvunje na mimi." Fundi akanitazama, mimi nikamtazama fundi, akakusanya tindo zake akaondoka, akasema Jumamosi hii ndiyo ya mwisho, baada ya hapo ana kazi ya watu wengine.

Nimempigia kaka, kaka anasema, "Mbebeni na kiti chake, mkamweke kwa jirani saa mbili tatu, akirudi ukuta haupo, atazoea." Anasema pia mama akiendelea hivi itabidi tumchukue kwa zamu, mwezi kwake, mwezi kwangu, mwezi kwa wengine, kama watoto wa mama mkubwa walivyofanya. Mama mkubwa ni dada yake mama, alipofuka uzeeni, wakawa wanamhamisha nyumba kwa nyumba mpaka akawa akiamka anauliza, "Leo niko kwa nani?" Mama alikuwa akienda kumtazama na akirudi hasemi na mtu siku nzima.

Mshauri wangu, niambie, mama yangu ameanza kuchanganyikiwa au huu ni ukaidi tu wa uzee? Na Jumamosi tumbebe au tusimbebe?

Ni mimi, Kitinda, mshona mapazia.

*

Marahaba, Kitinda. Msimbebe.

Nimeanza na swali lako la mwisho kwa sababu ukuta ukishaanguka hakuna wa kumwomba radhi. Sasa vuta kiti tuje kwenye lile la kwanza. Umeniuliza kama mama yako amechanganyikiwa au ni mkaidi. Mbona hukuniuliza kama anaona?

Chukua barua yako uisome kana kwamba imeandikwa na mtu usiyemjua. Kuna mama anayetembea ameburuza mkono ukutani, miaka na miaka, mpaka mkono umeacha njia. Kuna mama anayepigilia alama kwenye milango, moja, mbili, tatu, usawa ambao kidole kinafika bila kutafuta. Anashikwa mkono na mdogo wake mpaka mlangoni. Anamimina chai pembeni ya kikombe cheupe kilichowekwa juu ya kaunta nyeupe. Anavaa gauni nje ndani, na akiambiwa anajitetea. Anamwangalia binti yake aliyevaa nguo nyeupe mbele ya ukuta mweupe na anauliza ni nani. Yote hayo umeyaandika wewe, kwa mkono wako, kisha ukahitimisha kuwa ni dharau. Wahenga walisema mwenye macho haambiwi tazama. Mimi imenibidi nikuambie, tena gazetini.

Sijamwona mama yako, na mimi si daktari wa macho. Nilikuwa mwalimu. Huenda nikawa nimekosea. Lakini nikikosea, mtakuwa mmepoteza asubuhi moja kliniki. Ukikosea wewe, Jumamosi mtavunja kitu cha mwisho kinachomwezesha mwanamke huyo kufika bafuni bila kumwita mtu.

Ngoja nikueleze kwa kazi yako mwenyewe. Ukishona kitambaa cheupe kwa uzi mweupe, na taa ni hafifu, mshono unauona? Huuoni, unaupapasa. Ndivyo jicho lililochoka linavyofanya kazi: haliulizi kama kitu ni kizuri, linauliza kimetengana vipi na kilicho karibu nacho. Ile nyumba uliyoionea haya ilikuwa imetenganishwa vizuri sana. Mlango wa kijani ulijitenga na ukuta. Kahawia ya chini ilimwonyesha mahali ukuta unapokutana na sakafu. Swichi nyeusi aliiona ikiwa doa juu ya krimu, na sakafu nyekundu haikung'aa, kwa hiyo hakuwahi kudhani amemwagiwa maji miguuni. Wewe umekwenda chumba kwa chumba ukifuta alama, moja baada ya nyingine, kwa bidii na kwa upendo, mpaka ukafika kwenye vifuniko. Vile vingine vilikuwa msaada tu, Kitinda. Vifuniko ndivyo alivyovisoma kwa kidole.

Utaniuliza kwa nini hakusema. Jibu umelitaja ukapita, kama mtu anayempita mwombaji barabarani. Alimwona dada yake. Aliona kinachotokea siku watoto wanapojua: kikao kinaitishwa, zamu zinapangwa, na mtu mzima anakuwa sufuria ya kuazimwa, leo kwa huyu, kesho kwa yule. Akarudi nyumbani, akanyamaza siku nzima, na nadhani katika ukimya huo ndimo alimokata shauri. Akatafuta nyundo, misumari na vifuniko vya soda, akajitengenezea nyumba ambayo ndani yake hakuna atakayejua. Na nyumba hiyo ilimtosha. Alikuwa akipika tangu alfajiri, wewe mwenyewe umesema.

Usijipige kifuani sana kwa kutogundua. Anayeishi karibu ndiye anayechelewa kuona, kwa kuwa mambo humjia punje kwa punje. Marehemu mume wangu alinificha uziwi miaka minne. Tukicheka, alicheka. Mezani alikuwa mcheshi kuliko wote. Nilimkamata siku nilipocheka ghafla bila mtu yeyote kusema neno, naye akacheka, tena akajipiga paja. Nilimgombeza wiki nzima, na sababu ya kweli ni kwamba nilikuwa najigombeza mimi, niliyelala kitanda kimoja naye na nikawa namwita mzembe kila asipoitika. Basi hiyo aibu naijua ladha yake.

Lakini kuna kosa ambalo sikusamehei kwa urahisi, nalo halina uhusiano na macho. Mama alikushika kiganja akasema nyumba yake usiiguse. Ukasema, "Sawa, mama." Hata kama angekuwa anaona sindano iliyoanguka kwenye mchanga, nyumba ni yake. Unaposema ulidanganya kwa wema, jiulize wema huo ulikuwa wa kumpendeza nani. Wewe ndiye uliyechoka na korido. Wewe ndiye uliyeona haya mbele ya wageni. Hukuwa na nyumba yako ya kuifanya kama zile za wateja wako, ukaichukua ya mtu aliyesafiri.

Kaka yako naye mwambie kutoka kwangu kwamba mama si kochi, habebwi ili watu wafagie. Na habari ya zamu ikome kabisa. Isitajwe tena mwezi kwa huyu na mwezi kwa yule, isipokuwa mama mwenyewe aiombe, na sidhani ataiomba.

Nina neno dogo kwa fundi pia, nalo ni la ufundi mtupu. Katika nyumba za zamani ukuta wa korido mara nyingi ndio uliobeba boriti za dari. Je, alipanda juu akatazama boriti zimelalia wapi kabla ya kuja na tindo? Barua yako haisemi. Kama hakupanda, basi kile kiti cha mama huenda kimewaokoa nyote.

Sasa la kufanya. Usiite kikao. Mkiwa wawili tu, nenda ukae naye chumbani. Usimwambie, "Mama, wewe huoni," maana ameficha neno hilo miaka mingi na hutalichomoa kwa koleo. Mwambie, "Mama, nimeiharibu njia yako. Nionyeshe ilivyokuwa." Halafu unyamaze. Atagoma, pengine atakutukana kidogo, mwache. Akianza kueleza, usimkatishe, hata akieleza mpaka chakula kipoe. Siku ukiona amelainika, mwombe mwende wote kwa daktari wa macho, na umwahidi kwamba atakachosema daktari hakitafika kwa kaka mpaka yeye aruhusu. Ahadi hiyo, tofauti na ile nyingine, uitimize. Mwambie pia jambo ambalo huenda hajawahi kuambiwa na mtu: si kila jicho linalofifia ni la kupofuka. Mtoto wa jicho hutolewa, na watu hurudi nyumbani wanalalamika kwamba mabati yao yana kutu. Mengine hayarudi, lakini huweza kuzuiwa yasiendelee. Hilo ni la daktari kulitamka, si langu wala lako.

Fundi msimzuie. Jumamosi aje, ila aje na misumari na kopo la rangi iliyokoza, na atakayempa amri awe mama. Vifuniko vile kwenye kopo vioshe, mpe mama mkononi, naye aweke kidole mahali pa kupigilia, fundi apigilie hapohapo, hata kama pamepinda, na bila mzaha wa baa. Fremu za milango zirudishiwe rangi ya kuonekana. Kila swichi ichorewe mraba mweusi kuizunguka. Kwenye vigae tandika zulia lisilong'aa, lililogandishwa sawasawa, maana zulia linalosogea ni mtego. Pale ulipotoa ukuta wa jikoni kuna uwazi, na mkono wake ukifika hapo unaishia hewani. Zile kabati za zamani, kama hazijawa kuni, zipange kwenye mstari wa ukuta ule ule, ziwe ukingo wa kumfikisha jikoni. Kila chombo cha mama kilichokuwa kushoto kirudi kushoto. Na mwanga ulioongezeka ulipotoa ukuta uache, huo ni wema wa kweli, utamfaa. Ukimaliza nyumba itakuwa na sura ya ajabu, nusu yako na nusu yake. Wageni watazoea. Si ndivyo kaka yako alivyosema kuhusu mama?

Ule mstari mweusi wa korido ukirudi, usiusugue.

Hayo ni ya Jumamosi na ya siku zitakazofuata. La leo ni dogo. Ukirudi kazini jioni, usiingie kimya. Simama mlangoni kwa mama, na kabla hajauliza ni nani, sema: "Ni mimi, mama. Kitinda."